Simu kwa Mama Euphrasie

Kazi yangu ni kuwapigia watu simu na kuwauliza watampa nani kura ya ugavana, na kama wanakubali katiba ya jimbo ibadilishwe. Nasoma maswali yalivyoandikwa. Siruhusiwi hata kuguna. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu. Lakini Minnesota hii imenifukuza kazi tatu, na barafu yake imenivunja mguu, kwa hiyo nimejifunza kusoma karatasi na kunyamaza.

Sheria nyepesi kuliko zote ni hii: ukimjua uliyempigia, kata simu, mwambie msimamizi, mwenzako atampigia.

Jumatano kompyuta ikanipa namba.

"Allô? Ni nani?"

Nikamtambua kabla sijamaliza salamu. Mama Euphrasie wa kanisani kwetu Brooklyn Park, Mkongo wa Bukavu, anayeongoza maombi ya akina mama. Ilinipasa nikate. Ila siku nzima sikuwa nimempata mwanamke hata mmoja wa zaidi ya miaka sitini, na idadi yao tunadaiwa; tena, niseme ukweli, nilitaka kusikia atamchagua nani. Nikajiita Ian, sauti nikaifanya nzito.

"Mama, umejiandikisha kupiga kura?"

Akacheka kidogo. "Wewe haunijui, ndiyo maana nitakuambia. Mimi si raia bado. Examen ya uraia nilianguka mara mbili. Lakini kanisani nilisema nimepita, wakanikatia keki. Sasa nitasema nini? Usiandike jina langu, mutoto wangu."

"Hatuandiki majina, mama." Nikabonyeza "hastahili", simu ikaisha. Ilinipasa niishie hapo.

Jumapili baada ya ibada, Mumbi, nesi wetu, alitandaza fomu za kujiandikisha kupiga kura kwenye meza ya chai. Watu wakapanga foleni na vikombe na leseni za udereva mkononi, mimi pembeni nikiwachokoza.

"Baba Janvier, picha ya leseni hiyo ni yako au ya mjomba wako?"

Wakacheka. Mama Euphrasie akapita kando ya ukuta, koti begani, akielekea mlangoni.

Nikapaza sauti: "Raia mpya huyo anatoroka! Mama, ulikula keki yetu, sasa tupe kura!"

Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuona atajitoaje. Kicheko kikapanda, mtu akamshika mkono, Mumbi akavuta kiti. "Kaa hapa, Mum. Ni dakika mbili tu. Weka alama hapa kwamba wewe ni raia, halafu u-sign."

Nilingoja aseme amesahau miwani. Hakusema. Akaketi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole. Kalamu ikahamia kwenye kisanduku cha uraia.

Asiye raia akijiandika raia kwenye fomu ile anaweza kunyimwa uraia milele, hata kufukuzwa nchini. Nikamwinamia sikioni. "Mama, usiweke. Utapoteza makaratasi yako."

Akanigeukia. "Unajua namna gani?"

"Mimi ndiye Ian."

Aliniangalia, akaniangalia tena. Kisha akalaza kalamu, akasimama, akawaambia watu wote: "Mimi sikupita examen. Niliwadanganya. Haya ilinishika."

Mumbi akaichana fomu, akamkumbatia. Wengine wakasema pole mama, utapita tu. Ndipo Mumbi, aliyekuwa amesikia nilivyomnong'oneza, akanitazama. "Na wewe Zadock, ulijuaje?"

Mama Euphrasie angeweza kunitaja. Aliniachia mimi. Nikasema yote: simu, jina la uongo, na kwamba nilimwita mezani nikijua. Baba Janvier, aliyekuwa ameniambia siri za ndoa yake wiki iliyotangulia, akachukua kikombe chake akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi.

Jumatatu nilimweleza msimamizi, akanitoa kwenye simu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa rahisi. Jioni nikaenda kwa Mama Euphrasie na kitabu cha maswali ya uraia. Nikasimama mlangoni, nikamwomba nimfundishe.

"Mumbi atanifundisha," akasema, bila hasira.

"Mimi nina nafasi, mama. Kila jioni."

"Najua. Lakini nikikosea, wewe utacheka."

Nikaangalia kile kitabu mkononi mwangu.

Akanyoosha mkono. "Kitabu uniachie."

Nikampa. Akafunga mlango.