Siku ya Kukanyaga Ndizi

Tangu azikwe mkewe, Prudensia, nyumba ya Mzee Nolasco kule Mabira ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba mwenyewe akikohoa alishtuka. Miaka miwili ilishapita. Aliamka, akachemsha uji, akaenda kibanjani kung'oa migomba iliyopigwa na mnyauko, akarudi, akala viazi vya jana. Siku nzima ingeweza kupita hajasema neno ila kwa kuku.

Watoto alikuwa nao watatu, wote wazima, jambo ambalo majirani walimkumbusha kila alipolalamika. Placidius, wa kwanza, alikuwa fundi umeme Geita. Mackrine alifundisha shule ya msingi Kihanga. Mutalemwa, kitinda mimba, hakwenda mbali hata kidogo: alikuwa na mke na shamba la kahawa Isingiro, humo humo wilayani Kyerwa. Siku ya mazishi walisimama watatu upande mmoja wa kaburi wameshikana mikono, na yeye akasimama upande wa pili na katekista. Hakulifikiria sana siku ile. Alilifikiria baadaye.

Simu walimpigia, Pasaka na Krismasi, na akiugua. "Shikamoo Tata. Unaendeleaje? Haya, tumshukuru Mungu." Kisha mtandao unasumbua, au wanasema unasumbua.

Mwezi wa tano, katika sala ya jumuiya iliyofanyika kwa jirani yake Sibomana, katekista alizungumzia familia. Alisema damu peke yake haishikanishi watu. Kinachowashikanisha ni yale wanayoyafanya pamoja mwaka hadi mwaka, hata yawe madogo namna gani. Nolasco alirudi kwake na wazo moja tu kichwani: siku ya kukanyaga ndizi.

Kila mwezi wa Juni, shule zikifungwa, Prudensia alikuwa anatengeneza rubisi, pombe ya ndizi. Enzi hizo Nolasco alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na Juni ndipo alipowaswaga hadi Bukoba, safari ya juma zima. Akirudi, hakuna mwaka aliokosa kukuta mtungi unamngoja. Alikaa kwenye kigoda chake, mkewe akapiga goti akampa kibuyu cha kwanza, na watoto wameketi kimya ukutani, miguu yao ina weusi wa utomvu hadi magotini. Hiyo ndiyo picha aliyobaki nayo ya raha ya nyumba yake. Miaka yote aliamini kwamba mkewe alihesabu siku zake za safari ili akifika akute pombe imeiva.

Akawapigia watoto. Mutalemwa alisema Juni ni mavuno ya kahawa, hawezi kuondoka. Placidius akasema, "Tutaona, Tata," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona. Mackrine peke yake ndiye aliyeuliza, "Siku gani?"

"Jumamosi ya pili. Kama alivyokuwa anafanya mama yenu."

Upande wa pili akasikia mlango ukifungwa.

"Nitakuja na Benitha," Mackrine akasema.

Basi Nolasco akaanza kazi. Alikuta mtumbwi wa kukamulia ndizi umetupwa nyuma ya zizi, kuku wametagia ndani. Akausugua kwa maji na majivu siku mbili mpaka mbao zikang'aa. Ndizi za pombe zilikuwa zimebaki chache kwa ajili ya mnyauko. Alizunguka kibanja kizima akapata mikungu saba iliyokomaa. Shimo la kuvundikia alilifukua nyuma ya jiko, lakini alipofika hapo mikono ikasita. Hakujua linatandikwaje. Alikula matunda ya shimo lile miaka thelathini na mitano na hakuwahi kusimama ukingoni mwake.

Akamwita Sibomana.

"Unalipasha kwanza kwa moto wa majani makavu," Sibomana akasema, "halafu unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika, unafukia kwa udongo. Siku tano, sita. Lakini joto la shimo lako alikuwa analijua mkeo. Kila shimo na tabia yake."

"Mimi nitakisia," Nolasco akasema.

Jumamosi ilipofika, alivaa koti lake la kanisani juu ya suruali ya kazi. Alipanga vigoda vitano kuzunguka mtumbwi, na mkeka kwa ajili ya wajukuu. Saa nne hivi pikipiki ikaingia uani. Akashuka Mackrine, na nyuma yake Benitha, msichana wa miaka tisa, mrefu kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaka zako mmekutana nao njiani?"

"Hapana," Mackrine akasema, akaangalia vile vigoda, kisha akaangalia kando.

Wakangoja. Nolasco aliwapa kahawa za kutafuna kwenye kisahani, akauliza habari za shule, akauliza tena habari zile zile. Benitha alizunguka uani akatazama kaburi la bibi yake. Jua likafika utosini. Mackrine ndiye aliyesimama kwanza.

"Tufukue, Tata. Tukichelewa sitapata gari Nkwenda."

Wakafukua. Ndizi za juu zilikuwa zimeiva vizuri, za manjano, na harufu yake ilimfanya Nolasco atabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini za chini zilikuwa ngumu, kijani vile vile alivyozitia, na zile za upande wa jiko zilikuwa zimeungua kwa moto mwingi, zimekuwa nyeusi na zinatoa maji. Mackrine alichutama akazichambua. Alipomaliza, ndizi nzuri hazikuzidi mikungu miwili.

"Zinatosha," Nolasco akasema. "Sisi ni wachache."

Wakamenya. Wakazitia mtumbwini. Mackrine akapandisha gauni, akanawa miguu, akaingia na Benitha. Nolasco naye akavua viatu. Hakuwahi kuingia kwenye mtumbwi ule. Ndizi zilikuwa baridi na zinateleza, akashika ukingo asianguke, na mwanawe akamwambia, kama anavyomwambia mwanafunzi, "Kisigino, Tata, usitumie vidole. Ponda polepole, halafu ndipo tutie nyasi za kukamulia juisi."

Kwa muda kidogo ilikuwa nzuri. Benitha alicheka kila babu yake alipoyumba. Nolasco alifikiri, kumbe ni jambo rahisi hivi. Kumbe mtu anaingia tu.

"Mama yenu alikuwa anaimba wimbo gani hapa?" akauliza.

"Zilikuwa nyingi," Mackrine akasema. Hakuimba hata mmoja.

"Babu," Benitha akauliza, "wewe ulikuwa unakanyaga upande gani?"

"Mimi nilikuwa safarini, mjukuu wangu. Bibi yako alikuwa ananiandalia, nikirudi nikute."

"Kwa mjomba Mutalemwa mtumbwi ni mrefu kuliko huu. Tunaingia watoto wanne."

Mackrine akaacha kukanyaga.

"Mliingia lini?" Nolasco akauliza taratibu.

"Mwaka jana, na mwaka juzi. Na Jumamosi ijayo tena. Mjomba Placidius anakuja na kina Lameck."

"Benitha," mama yake akasema, "nenda kaoshe miguu. Kisha ukakae kwa mzee Sibomana kidogo, umsalimie."

Mtoto alitazama uso wa mama, akajua amesema lisilosemwa, akatoka. Baba na binti wakabaki wamesimama mtumbwini, rojo la ndizi likiwafika vifundoni. Nolasco aliona kwamba ilimpasa kukasirika. Alizitafuta hasira zake, zile ambazo zamani hazikuwa mbali, akakuta hakuna kitu.

"Mnafanya siku ya mama yenu," akasema, "na mimi hamniambii. Isingiro ni hapa tu."

"Tata, hukuwahi kuwamo."

"Nilikuwa nahangaika na ng'ombe ili ninyi mle."

"Ndiyo. Na mama alikuwa anangoja uende." Mackrine alizungumza akiangalia miguu yake. "Mwaka ule ng'ombe walipozuiwa njiani kwa ajili ya ugonjwa, ulirudi siku ya tatu. Unakumbuka?"

"Nilirudi na wageni."

"Wawili. Ulitukuta tunakanyaga na tunaimba. Ukauliza mbona pombe haijaiva, mama akasema ndiyo kwanza tunakamua. Ukaupindua huu mtumbwi, juisi yote ikaenda chini. Placidius akaenda kusimama mbele ya mama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Lile jino lake la mbele, Tata, lilikwenda wapi?"

Nolasco akafungua kinywa. Miaka yote aliwaambia watu kwamba mwanawe alianguka kutoka kwenye mparachichi. Alilisema mara nyingi, mpaka yeye mwenyewe aliuona ule mti, aliliona tawi.

"Alianguka," akasema.

"Hayo ndiyo uliyotuambia tuseme."

Kuku walikuwa wamesogea kwenye maganda, wanadonoa. Hakuna aliyewafukuza.

"Tangu mwaka ule," Mackrine akaendelea, "mama hakugusa shimo mpaka apate habari kwamba umeshavuka daraja la Kyaka. Mtu akija akasema amekuona ng'ambo ya daraja, ndipo tunafukua. Siku zile tulikuwa tunakula pamoja kwenye jani moja, tunalala sebuleni wote wanne, tunacheka kwa sauti. Ilikuwa sikukuu yetu kuliko Krismasi. Krismasi ulikuwepo."

"Na pombe niliyokuwa naikuta?"

"Ilikuwa iliyobaki. Ilibidi ibaki, ungeuliza ndizi zimekwenda wapi."

Mzee alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Miguu yake ilionekana myembamba katikati ya lile rojo.

"Mbona wewe umekuja?"

"Uliniita. Nikasema nione kama nitaweza."

"Umeweza?"

Mackrine akafuta rojo mguuni. "Sijui, Tata," akasema. "Nimechoka tu."

Waliikamua iliyokuwepo, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuiacha. Nyasi alizoleta Nolasco zilikuwa laini mno, zilivurugika na kuingia ndani, juisi ikatoka kidogo, nzito, ina ukakasi wa ndizi ambazo hazikuiva sawasawa. Ilipata nusu ndoo. Benitha alirudi, akapewa kikombe. Alikunywa funda moja, akameza kwa adabu, akakiweka chini.

"Ahsante, Babu," akasema.

Pikipiki ilipokuja kuwachukua, Nolasco alisimama karibu na bega la binti yake. Maneno aliyotaka kuyasema alikuwa ameyapanga tangu walipoanza kukamua.

"Jumamosi ijayo. Nikija nikakaa tu. Sitasema kitu."

Mackrine alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitamuuliza Placidius," akasema.

Jibu lilikuja Jumatano, kwa ujumbe. Mackrine aliandika kwamba wamezungumza sana, na Mutalemwa alikuwa radhi, lakini Placidius amesema akimwona baba yake kwenye mtumbwi atachukua wanawe arudi nao Geita siku hiyo hiyo. *Tusamehe Tata. Hatutaki kuvunja kitu hiki.* Nolasco aliusoma akiwa amesimama mlangoni. Ile nusu ndoo aliyoitia unga wa mtama ili igeuke pombe ilikuwa imechacha vibaya. Jioni ile akawamwagia nguruwe wa Sibomana.

Jumamosi alijiambia haendi. Akala, akafagia uani, akaanza kukata majani makavu ya migomba. Saa tatu alikuwa ameoga na amevaa lile koti, na saa nne alikuwa nyuma ya bodaboda, vumbi la barabara linampiga usoni. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka kufika karibu.

Alishuka kwenye maduka ya Isingiro, mbali kidogo na njia iendayo kwa Mutalemwa, akakaa kwenye benchi mbele ya duka la vitu vya nyumbani. Hakukaa sana. Watoto wawili walitokea kwenye ile njia, mvulana na msichana mdogo, miguu mitupu, myeusi kwa utomvu hadi magotini. Aliwajua papo hapo. Mara ya mwisho aliwaona wamebebwa na kushikwa mikono msibani, lakini yule mvulana alikuwa na paji la uso la Prudensia, lile lile pana, hakuna awezaye kulikosea. Alikuwa Lameck wa Placidius. Msichana ndiye mdogo wake, Agnetha.

Walifika dukani wakamkuta kwenye benchi, na kama watoto waliolelewa vizuri wakainamisha vichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akawaangalia miguu. "Mnatoka wapi na miguu hiyo?"

"Kwa baba mdogo," Lameck akasema. "Tunakanyaga ndizi. Tumetumwa vikombe, vilivyopo havitoshi."

"Mko wangapi kwani?"

Mvulana akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Ni familia yote," akasema.

Wakanunua vikombe vyao, vya plastiki, sita. Agnetha alibeba vitatu amevikumbatia kifuani. Wakasema kwaheri mzee, wakaondoka wakikimbia, na vikombe vinagongana. Nolasco alisimama akawatazama mpaka walipokata kona kwenye mibuni. Aliyesimama pale kwa dakika chache angeweza kusikia, upepo ukivuma kutoka upande ule, watu wengi wakiimba. Wimbo wenyewe hakuujua.

Mwenye duka alimuuliza kama anangoja mtu.

"Hapana," akasema, akamwashiria kijana wa bodaboda amrudishe Mabira.