Mpaka Ulimi Uache Kulalamika

Jiko la Mama Sabuni lilinuka. Sabuni yenyewe haikuwa na neno, ikikauka ilinukia kama shuka lililoanikwa juani. Ni kule kuipika: mafuta mabovu ya mabuchani, magadi makali, na moshi ulioingia madirishani mwa watu bila hodi. Majirani kumi na wanne waliweka sahihi kwenye barua ya malalamiko. Sahihi ya tisa ilikuwa ya wifi yake.

Barua, ikiwa na muhuri wa bwana afya, ilimwita kero kwa umma. Ikifika saa sita mchana siku ya Alhamisi, ilisema, moto uwe umezimwa na sufuria litachukuliwa. Sufuria hilo ndilo lililomlisha yeye na binti zake wawili tangu mumewe afe. Alhamisi alfajiri akawasha moto.

"Wifi, huoni aibu?" wifi yake aliuliza mlangoni, ncha ya mtandio puani.

"Aibu yangu mnayo nyie kwenye karatasi, namba tisa. Mafuta nimeshayanunua. Yakilala mpaka Jumamosi ndipo mtajua kunuka ni nini."

Saa sita kamili bwana afya akaingia uani. Nyuma yake alikuja karani mstaafu wa nyumba ya pili, aliyeiandika ile barua kwa mkono wake. Alikuwa amebeba ndoo ya maji. Watu wakajaa mlangoni.

"Zima, mama," alisema bwana afya.

"Bado."

"Bado nini?"

Mama Sabuni alichota ujiuji kidogo kwa ncha ya mwiko, akaupuliza ukapoa, akaugusa kwa ulimi. Uso ukamkunjamana. "Bado inauma. Sabuni mbichi inachubua ngozi. Nikiiepua sasa nimwogeshe nani, wewe?"

Watu wakacheka.

"Anakuchezea huyu!" karani alifoka, akainua ndoo. "Saa sita ni saa sita!"

"Mwaga, mzee wangu," Mama Sabuni alisema, mwiko haujasimama. "Ila magadi ya moto yakipata maji ya baridi yanaruka. Vua kwanza hilo shati, lisiharibike. Nani kakung'arishia hivyo?"

Karani aliitazama kola yake. Nyeupe pee. Kila Jumatatu mkewe alinunua vipande viwili vya sabuni hiyo hiyo, akipitishiwa juu ya ukuta. Akaitua ndoo taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa mgongo unamuuma.

"Itaiva saa ngapi?" bwana afya aliuliza.

"Mpika sabuni hana saa, baba. Ana ulimi. Ukiacha kulalamika, imeiva." Akamnyooshea mwiko. "Onja mwenyewe, ukaandike ripoti ya kweli."

Akaonja, mjinga wa watu. Akatema mpaka machozi yakamtoka, na hata wifi mtu akacheka ndani ya mtandio wake.

Wakasubiri. Hakuna aliyepewa kiti. Moshi uliwazunguka wote, mwenye barua na asiye na barua. Ilipokaribia saa tisa Mama Sabuni alionja tena, na safari hii uso wake ulitulia. Akamimina kwenye fremu za mbao, akakwangua mpaka tone la mwisho. Kisha akaichukua ndoo ya karani na kuuzima moto kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya. Bebeni."

Kesho yake alikata vipande na kuvipanga juu ya ukuta vikauke, vikilitazama dirisha la karani. Wifi yake akaja amenyoosha mkono.

"Niuzie viwili, wifi yangu."

"Subiri wiki nne sabuni zikauke, namba tisa. Zikiisha, utafute pengine. Hizi ndizo za mwisho."

Sufuria moja, limeshabebwa. Mwiko mmoja ulioliwa na magadi hadi ukabaki nusu. Mafiga matatu yaliyopoa. Miaka kumi na tisa ya kupika. Ukutani vipande sitini na viwili, na dirisha la karani, lililofungwa miaka yote hiyo kwa ajili ya moshi, liko wazi.