Matofali Chini ya Kitanda

Mume wangu hanunui hata ufagio bila kuulinganisha na mwenzake. Ni seremala, na futi ya chuma haikosekani mfukoni mwake. Majirani walishasahau jina lake, wanamwita Fundi Futi. Kwa hiyo tulipokubaliana kwamba nyumba tumwachie binti yetu, sisi wawili tukaishi kwenye mashua ya tanga tukizunguka bandari hadi bandari, nilijua kazi ipo.

Mwenye haraka nilikuwa mimi. Kliniki ya mifupa walishanieleza kwamba mifupa yangu inapungua nguvu mwaka hadi mwaka. "Mama, kama kuna ngazi unataka kuipanda, ipande sasa," daktari aliniambia. Maneno hayo nilimfikishia mume wangu kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchonga penseli.

Kwenye karakana ya boti kulikuwa na mashua mbili za kuuzwa. Moja tuliibandika jina la Nyembamba, nyingine Bonge. Siku tuliyojaribu Nyembamba, tanga liliposhika upepo ililalia ubavu ikaanza kukata maji, na mume wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Mimi nilikuwa jikoni, nimejifunga mkanda kiunoni nisije nikaangukia jiko, birika linacheza mbele ya uso wangu. Kushuka humo ndani ni ngazi iliyosimama wima kama ya kupandia dari, na kitanda chake ni cha watu waliooana juzi.

Bonge ilikuwa kinyume chake. Vidato vitatu tu, umefika chini. Jiko lina dirisha, unapika umesimama wima, na kitanda unakizunguka pande zote kutandika shuka. Lakini ilipobidi kwenda upande unakotoka upepo, ilijikokota ikipiga tumbo kwenye mawimbi, kama mtu anayesukuma friji barabarani. Nyembamba ingekuwa imeshafika na chai imeshaiva.

"Wewe unaionaje?" aliniuliza tuliporudi nchi kavu.

"Mimi yoyote. Hata kesho twende."

"Yoyote si jibu, mama. Tukikosea tutaishi humo na makosa yetu."

"Mchagua jembe si mkulima, mzee."

Akacheka. Siku iliyofuata akatoa viti vyote sebuleni.

Alichora mashua zote mbili kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, kwa vipimo vyake halisi: Bonge kwa chaki nyekundu, Nyembamba kwa nyeupe. Tukahamia humo. Sheria ilikuwa moja: anayevuka mstari amezama, na aliyezama ndiye anayepika chai. Binti yetu alipokuja kutusalimia alimkuta baba yake amejibana kwenye kimraba cha chaki nyeupe, anaosha vikombe kwenye beseni huku amekunja viwiko.

"Mama, baba ni mzima kweli?"

"Yuko safarini, mwanangu. Usimvukie mstari."

Nisiwe mnafiki, nilikuwa na furaha. Tulicheka sebuleni mle kuliko tulivyocheka miaka mingi. Lakini kila nilipouliza tunaondoka lini, alikuwa amegundua jambo jingine la kulinganisha. Mara mahali pa kuanikia taulo. Mara harufu ya jiko itakavyofika kitandani. Miezi ikaenda, na nyonga yangu ya kushoto ikaanza kunikumbusha maneno ya daktari kila nilipoinuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza nyonga.

Likabaki suala la usingizi. Alitaka kujua kama nitaweza kulala mashua ikiwa imelalia ubavu, basi akahamishia kitanda chetu sebuleni, akaweka matofali chini ya miguu yake miwili, upande anaolala yeye. Kila alipopitiwa na usingizi aliniporomokea kama gunia. Nilimsukuma, akarudi. Nilimtukana, akakoroma. Mwishowe nikamwacha huko huko, kichwa chake begani kwangu, nikalala vizuri mno.

Baadaye akasema upepo umegeuka, kwa hiyo mashua ingelala upande wa pili. Akahamishia matofali upande wangu, akapima, akaridhika. Nilipanda kitandani nikimtania kwamba sasa ni zamu yangu kuwa gunia. Asubuhi niliamka na usingizi machoni, nikashusha mguu kama nilivyozoea. Mguu ukatafuta sakafu usiipate. Nilianguka katikati ya chaki nyekundu na nyeupe, na nikasikia mlio ndani ya nyonga kabla ya maumivu.

Bahari haikunigusa. Nilivunjikia sebuleni kwangu.

Alikuja hospitali amevaa shati aliloligeuza nje ndani, akakaa pembeni ya kitanda, akanishika mkono.

"Nimeamua," akasema. "Bonge. Vidato vitatu tu. Nimekwishazungumza na watu wa karakana."

"Mzee, daktari amesema hata kidato kimoja hapana. Wala chombo kinachoyumba. Si mwaka huu wala mwakani."

Akainamisha kichwa. "Uliniambia yoyote," akasema.

"Nilikwambia."

Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na hadi leo sijui kipi kilizidi.

Niliporudi nyumbani viti vilikuwa mahali pake. Sakafu ilipigwa deki hadi ikang'aa. Kitanda alikuwa amekirudisha chumbani na kukisawazisha kwa pima maji, hakikuinama hata kidogo. Alasiri tulipolala kupumzika, kila mmoja alibaki upande wake, na katikati yetu pangeweza kulala mtu wa tatu.

"Rudisha yale matofali," nikamwambia. "Upande wako."

Akaenda nje, akayaleta, akayasukumia chini ya miguu ya kitanda. Futi haikutoka mfukoni. Katika maisha yetu yote nilikuwa sijawahi kumwona akifanya jambo bila kupima.

Kitanda kikainama kuja kwangu. Nikamngoja aniporomokee. Nilipogeuza shingo nikamwona: macho wazi, mikono miwili imeng'ang'ania ubao wa kitanda upande wa juu, asije akaiangukia nyonga yangu.