Kilingala cha Baba Musonda

Pasi ya makala haitaki haraka. Ukiikimbiza, cheche inatoboa shati, na Zéphirin Musonda alikuwa na shati moja tu la kufaa siku ile, jeupe, la kola ngumu. Germaine alilinyoosha pale mezani akinyunyiza maji kwa vidole, kwanza kola, halafu mikono, halafu mgongo. Mume wake alikuwa anazunguka uani akisema peke yake. Alikuwa anajifunza hotuba.

Mwaka wa hamsini na tisa ulikuwa unakwisha. Katika Élisabethville yote, sokoni, kwenye baa, hata nje ya kanisa misa ikiisha, habari ilikuwa moja: mwaka unaokuja watu weusi watachagua wenzao waende kukaa katika bunge kule Léopoldville. Musonda alitaka kwenda, na alingoja chama chake kiandike jina lake. Na hakuwa mtu wa bure. Alikuwa sajini katika vita vya Abisinia, akapigana na Wataliano, akarudi na medali mbili na kovu begani. Akatumika kazi ya reli. Halafu mtaa wa Katuba ulipojengwa wakamweka kuwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Wanawake wakigombana kwenye bomba la maji, ni yeye aliyewaamua. Alijua nyumba gani ina mgonjwa, nyumba gani ina kilio, nyumba gani bati limeng'oka.

Alipomwambia Germaine habari ya bunge, Germaine alijibu "Eya mukwai," ndiyo mheshimiwa kwa Kibemba, kama mwanamke aliyelelewa vizuri kule Kasomeno, akaendelea kuchambua mboga. Lakini usiku ule hakula.

Léopoldville si karibu. Unapanda treni mpaka reli inakwisha, halafu unapanda meli ya mtoni, siku na siku. Na yeye Germaine alikuwa ameshangoja mara moja katika maisha yake. Vita vilimchukua Musonda harufu ya arusi haijatoka nguoni. Kila waliposema askari wanarudi, alijipaka mafuta, akafunga kitambaa chake kizuri, akaenda stesheni kutazama nyuso za watu wanaoshuka. Wanaume wa wenzake walishuka. Wake hakushuka. Alirudi nyumbani na mafuta yake usoni, akanawa, akalala. Mpaka ikafika wakati harufu ya mafuta yale ilimtia kichefuchefu. Na Musonda aliporudi kweli, Germaine hakuwa stesheni, alikuwa anatwanga muhogo, na mwanaume mwembamba mwenye kofia akasimama mlangoni, akaivua. Tangu siku ile aliapa moyoni: huyu haendi tena.

Sasa alikuwa anamnyooshea shati la kwendea.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira, nyuma ya soko. Constantin Bwalya, karani rafiki yake Musonda, ndiye aliyemtangulia kusema, na alisema sana, Kifaransa kidogo, Kiswahili kidogo, watu wakapiga makofi. Kisha Musonda akapanda juu ya meza. Alianza vizuri. Alisema juu ya maji, juu ya shule za watoto wasichana, juu ya wazee wa mugodi wanaorudishwa kijijini mapafu yamekwisha. Watu wakaitika, "Njo vile! Njo vile!"

Lakini kule nyuma kulikuwa na walevi wa lutuku, pombe kali ya kupikwa kwa siri. Wakaanza kuimba. Mmoja akapiga kelele, "Baba shefu, na bei ya lutuku utashusha?" Watu wakacheka. Musonda akajaribu kuendelea, wakaimba zaidi. Germaine aliona bega lake lenye kovu likipanda, akajua, akataka kupiga kelele "Hapana!" lakini alikuwa mbali.

"Bokanga minoko!" Musonda alinguruma. "Bofanda!"

Fungeni midomo. Kaeni chini. Kwa Kilingala.

Uwanja mzima ukanyamaza, lakini si kunyamaza kwa heshima. Kwa watu wa Katuba, Kilingala kilikuwa lugha ya askari. Kilikuwa lugha ya msako, ya mlango kupigwa teke alfajiri, ya mitungi ya lutuku kupasuliwa na mama mwenye nyumba kusukumwa katika lori. Hakuna aliyekisikia kwa uzuri. Mama mmoja alimwokota mtoto wake kama mvua inakuja. Wengine wakakaa chini kweli, mavumbini, kabla hawajafikiri, na hao ndio walioumia zaidi. Walipojiona wamekaa, wakasimama, wakajipangusa matako, wakaondoka.

"Kumbe tulikuwa tunatafuta député wa bunge," mzee mmoja alisema akipita karibu na Germaine. "Balituletea sajini."

Bwalya alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. "Ndugu yangu, imekufa," alisema. "Sasa chama kitaandika jina la mwingine. Batu banasema, kama anatukemea vile mbele ya kura, nyuma ya kura atatupiga fimbo."

Musonda akafungua kola ya shati. Na Germaine, pale jikoni mbele ya mbabula ya makaa, moyo wake ulifurahi kabla haujamwomba ruhusa.

Alifurahi siku zile, kweli. Mume wake alikaa nyumbani. Alitengeneza mguu wa kitanda. Alikaa naye uani akimmenyea karanga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wajuane. Germaine alipika sombe ya majani ya muhogo kwa mafuta ya mawese, alipika tshikanda ya mizizi na karanga, alimtilia maji ya moto ya kuoga. Lakini ukimwambia, "Karanga imetosha," yeye aliendelea kumenya. Ukimwita, anaitika baada ya kitambo, kama sauti inatoka bondeni. Siku moja Germaine alimkuta amesimama katikati ya ua, akichezesha midomo. Alikuwa bado anasema hotuba ile. Maji, wasichana, wazee wa mugodi. Alipomwona mkewe akafunga mdomo, akashika ufagio.

Ndipo Germaine akaona kwamba anamtamani mtu yule yule aliyemtamani wakati wa vita, na mtu huyo hayumo uani.

Kesho yake kwenye bomba wanawake walimkuta ameinama akijaza ndoo. Mama Régine, ambaye ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka mtaa wa Kenya ng'ambo ya barabara, hakuzunguka.

"Mama Germaine, utatusamehe. Huyu bwana yako, pa nyumba anakusemeshaka vile vile? Bokanga minoko, leta bukari?"

Wanawake wakacheka. Walitaka jibu. Wao hawakuwa na kura, kura ilikuwa ya wanaume. Lakini mwanaume wa Katuba alikula kwa mkono wa nani?

Germaine aliacha maji yamwagike. Angeweza kuinua ndoo aende zake. Kunyamaza tu kungetosha. Musonda angezeeka naye pale pale, mpaka mmoja amzike mwenzake.

"Pa nyumba ananiitaka mukwai," alisema. "Miaka yote hii. Hata akikasirika. Kilingala anasemaka mu usingizi tu."

"Mu usingizi anasema nini?"

"Anasema, 'Telema, ndeko. Telema.' Simama, ndugu yangu. Anaitaka mwenzake mumoja wa vita, muntu wa Équateur, balimupiga risasi kule mu milima. Anamuvuta mukono. Mara ingine anavuta mukono yangu, mpaka nasimama juu ya kitanda. Sasa miye nasimama. Nitafanya je? Nasimama, anatulia, analala."

Mama Régine alifunga bomba.

"Basi atusemeshe na siye vile anakusemeshaka weye," alisema mwishowe. "Mbona alituficha huyu muzuri, akatuletea yule mubaya?"

Maneno yaliingia katika nyumba pamoja na bukari, ugali wa kila jioni. Mkutano wa pili ulipoitishwa watu walikuja, na mzee yule yule akapaza sauti: "Baba Musonda, utuite mukwai kwanza!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Musonda alishuka mezani, akasimama chini katikati ya watu, akasema taratibu, hata walevi wakasogea wapate kusikia. Wiki ile chama kikaandika jina lake.

Alirudi nyumbani anang'aa. Germaine alikuwa ameandaa bukari na samaki wa Luapula. Musonda alinawa, akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Batu banasema uliongea pa bomba," alisema. "Uliwaambia nini?"

"Habari za wanawake."

Akamtazama kidogo, akaacha. Akaanza kumwambia mambo ya Léopoldville: bunge litakavyokuwa, nani atakaa wapi, neno gani atalisema la kwanza, la pili. Sauti yake ilikuwa ile ya kabla ya vita, haraka haraka, inajikwaa kwa furaha. Germaine alikuwa ameisahau.

"Nakuchosha," Musonda alisema. "Tule."

"Hapana, mukwai. Sema tu."

Akasema. Samaki akapoa, mafuta yakaganda pembeni mwa sahani, na Germaine hakumwambia.