Nakala ya Kabambare

Nuru aliidharau programu ya saa za swala ya Iliasi kwa moyo wake wote, na hakuwa mtu wa kuficha dharau. Ilichukua sekunde arobaini, jamani, arobaini nzima, kutoa saa ya magharibi kwenye simu ya kawaida ya Kasongo. Unabonyeza, unakohoa, unamsalimia mpita njia, unauliza habari za watoto wake mmoja mmoja, ndipo simu inakuonyesha saa, tena ikiwa imeshapata moto mkononi. Na mwenye kazi hiyo, fundi wa simu mwenye meza yake sokoni, miaka miwili ya Kinshasa na cheti ambacho hakuna aliyewahi kukisoma mpaka chini, alitembea nayo kifua mbele. Kila kitu kwake kilikuwa "optimisé", Kifaransa cha kitu kilichoboreshwa mpaka mwisho. Chaja zake ni optimisé. Pikipiki ya kaka yake ni optimisé. Siku moja alisema hata sombe, kisamvu cha mama yake, ni optimisé, na Nuru akasonya mpaka muuza mkaa aliyekuwa ng'ambo ya njia akageuka.

Nuru mwenyewe alifundisha hesabu. Kwa miaka minne, kila alipomaliza kusahihisha madaftari, alikaa kuunda kompilata, yaani programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Lugha aliyoitungia ilikuwa ya fonksyoni tupu: kila kitu ndani yake ni hesabu inayopokea kitu na kutoa kitu, bila kubadilisha chochote kisirisiri pembeni. Watu walimwuliza kazi hiyo itamfaidia nini. Aliwaona wote ni mbuzi, na mbuzi hawajibiwi.

Mwaka huu kamati ya msikiti ilitaka programu moja ya saa za swala, iwekwe kwenye simu za waadhini toka Nyangwe mpaka Salamabila. Zilikuwa simu kuukuu, zisizo na mtandao wala nguvu. Zilizoletwa ni mbili tu, ya Iliasi na ya Nuru. Wangejaribu ya Nuru kwa magharibi ya siku ya kwanza ya Ramadhani, kisha Ijumaa wangechagua. Ijumaa hiyo Nuru aliitaka kuliko kitu chochote. Miaka minne, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutumia kazi ya mikono yake.

Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, programu yake nayo ilikuwa inachukua sekunde kumi na mbili, na hilo lilimnyima usingizi. Fonksyoni ya magharibi ilikuwa pana mno. Ilipokea mahali popote duniani na siku yoyote, kisha ikaanza kuhesabu upya tangu mwanzo, kila mara, kana kwamba Kasongo huamka asubuhi ikahama. Upumbavu gani huo! Nuru akaifundisha kompilata yake ichukue fonksyoni hiyo pana na kuikatia nakala maalumu kwa ajili ya mahali fulani. Hesabu zote za mahali hapo ingezimaliza mapema, na simu ingebaki na kazi ndogo ya tarehe tu. Ni kama fundi cherehani anayekupima na kukushonea suruali yako, badala ya kukuvika gunia linalomwenea kila mtu. Sekunde kumi na mbili zikawa chini ya moja.

Akaenda sokoni kumwonyesha Iliasi. Hakwenda kutaka shauri, alikwenda kumwumiza.

Iliasi alibonyeza, saa ikatokea, akabonyeza tena kana kwamba haamini. "Eeh, Mwalimu! Hii iko mbio kweli." Akajikuna shingo. "Lakini hizi nakala zikikuwa mingi, kompilata inajua namna gani hii ni ya Kasongo na hii ni ya Nyangwe?"

"Weye," Nuru akasema, kwa sauti ya kuwafikia wateja wote, "urudi kwanza darasa la sita wakufundishe kugawanya. Mutu anauza chaja, sasa anataka kuniuliza mambo ya kompilata!"

Wateja wakaangua kicheko. Iliasi naye akacheka pamoja nao, akasema, "Nilikuwa nauliza tu, Mwalimu." Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchefua Nuru zaidi. Mtu huyu hata kutukanwa hajui.

Siku ya kwanza ya mfungo wingu zito liliifunika Kasongo tangu alasiri, na jua halikuonekana tena. Ilipofika saa kumi na mbili uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa, wanaume upande wa mlango, wanawake kwenye mikeka upande wa ukuta, kila mtu na kikombe chake cha maji na ndizi mbivu. Maalim Assumani, muadhini na mkuu wa kamati, mtu wa maneno machache, alisimama karibu na kipaza sauti akiwa na simu yenye programu ya Nuru. Watu walipanga mstari kuitazama. Unabonyeza, na papo hapo: saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa. "Hata haipumui!" mmoja akasema. Nuru alisikia kila neno toka kwenye mkeka wake, akajifanya anapanga mtandio. Iliasi alikuwa amesimama peke yake nyuma, na simu yenye programu yake ya mwendo wa konokono imo mfukoni. Loo, siku hiyo ilikuwa tamu hata kabla ya kula.

Zilibaki dakika tano simu yake ilipolia. Alikuwa mama mdogo Rehema, toka Kabambare, ambaye Nuru alimpelekea programu ile kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu kwa mkono wa mwenye pikipiki.

"Nuru mwanangu!" mama mdogo akapiga kelele. "Kintu chako kiko muzuri sana! Inasema ishirini na tisa, na kwetu mbingu iko wazi, jua naliona kwa macho yangu linashuka sawasawa na vile inasema. Mungu akubariki!"

"Amina, mama," Nuru akasema, na meno yote yako nje.

Kisha meno yakarudi ndani. Ishirini na tisa? Kabambare? Kabambare iko mashariki ya Kasongo, jua huwaaga wao kwanza. Kati ya miji hiyo miwili kuna dakika nne, na dakika hizo alizihesabu mwenyewe kwa kalamu kabla hajagusa mashine. Miji miwili haiwezi kufuturu kwa dakika moja. Kama Kabambare ni ishirini na tisa, Kasongo ni thelathini na tatu.

Akaliona kosa pale pale, bila kufungua mashine, kwa sababu lilikuwa lake. Orodha ya miji aliipanga kwa alfabeti, Kabambare ya kwanza. Kompilata ilipoikatia Kabambare nakala, iliiandika kwenye rejista yake kwa jina la fonksyoni tu: magharibi. Ilipofika zamu ya Kasongo ikauliza, nakala ya magharibi iko? Iko. Basi, itumike hiyo hiyo. Haikuuliza ni nakala ya wapi, maana bibi mkubwa aliyeitunga hakuona haja. Na aliulizwa! Mchana kweupe, mbele ya watu, na muuza chaja, aliulizwa neno hilo hilo.

Dakika nne. Nani angejua? Wingu limefunika kila kitu, na ya Iliasi imo mfukoni, imezimwa. Angenyamaza, wangekula, kesho angesahihisha mstari mmoja, na Ijumaa ingekuwa yake. Nuru aliliwaza jambo hilo, tena aliliwaza vizuri, kwa urefu wa pumzi mbili. Akawatazama wanawake waliomzunguka, midomo imekauka tangu alfajiri, wakiingojea saa yake yeye itoke kwenye simu. Wangekula jua likiwa bado juu, saumu yao ikaharibika, na wasingeilipa kamwe kwa kuwa wasingejua. Akajiona mchafu. Akainuka, akaacha ndizi na maji kwenye mkeka, akakata uwanja kwenda upande wa wanaume, na watu wakatoa macho.

"Maalim, usiadhini."

Assumani akamtazama. "Simu imeharibika?"

"Simu haina kosa. Saa hiyo ni ya Kabambare. Nimekosea miye."

Minong'ono ikaenda uwanja mzima. Pale pale simu ikaanza kuita mkononi mwa Assumani, ishirini na tisa kamili, na mzee mmoja akapeleka ndizi mdomoni. Jirani yake akampiga mkono, ndizi ikaanguka vumbini. Assumani akaizima simu.

"Ya kwetu ni ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Nani anasema?"

Nuru akafungua kinywa. Anasema yeye, nani tena? Lakini ishirini na tisa pia alisema yeye, kwa uso huu huu, kwa uhakika huu huu. Na juu kulikuwa na wingu tu. Akayatoa maneno kwa nguvu kama mtu anayetoa mwiba.

"Iliasi anasema. Ya Iliasi iko sawa, haina nakala, inahesabu ya Kasongo yenyewe. Mwambieni aiwashe."

Iliasi akaja mbio, kandambili moja ikabaki nyuma, akabonyeza. Na uwanja wote ukangoja. Nuru hakuwahi kuzijua sekunde arobaini mpaka siku ile. Mtoto alilia akanyamazishwa. Mtu alikohoa. Watu hawakuitazama simu, walimtazama yeye, mwalimu wa hesabu, aliyesimama mikono mitupu kando ya fundi mwenye kandambili moja. Hakuna aliyemcheka. Laiti wangecheka.

"Thelathini na tatu!" Iliasi akapaza sauti, simu juu ya kichwa. "Optimisé, wandugu!"

"Ahsante, Iliasi," watu wakasema. "Mungu akulipe."

Mpumbavu, Nuru akawaza. Mpumbavu mkubwa, na yuko sawa.

"Maalim," akasema kwa sauti ya chini, "ni mustari moja tu. Leo leo naitengeneza. Na Ijumaa mutaona."

"Najua utaitengeneza," Assumani akajibu, bila ukali wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Weye unajua kuliko sisi wote. Lakini Ijumaa hatutakutana, Mwalimu. Tunatwaa ile ya Iliasi. Ile inachelewa kujibu, watu wataizoea."

Alisogea kwenye kipaza sauti, akasubiri na simu ya Iliasi mkononi, na ilipofika thelathini na tatu akaadhini. Vikombe vikainuka pande zote. Nuru alibaki amesimama pale pale, ndizi yake iko mbali kwenye mikeka ya wanawake, koo limekauka, miaka minne imekwisha, na hakuwa hata na maji ya kumezea.

Iliasi akaimenya ndizi yake, akaikata katikati kwa vidole vyake vyenye uchafu wa kazi ya simu, akamnyoshea kipande kikubwa.

"Kula, Mwalimu. Sasa iko saa."

Nuru akakipokea, akala. Kilikuwa kitamu sana, na hilo nalo lilimuudhi.