Ukurasa wa Alhamisi

Inta alikuja na sanduku moja na daftari la jalada la kijani. Ni binti wa dada yangu Zenta, aliyekimbia vita akiwa msichana na kufia Adelaide bila kurudi. Mipaka ilipofunguka, binti akaja badala yake. Kilatvia chake kilikuwa kile cha mama yetu, chenye maneno ambayo hapa tumeshayasahau.

Kila alichokiona alikiandika, apeleke kwenye gazeti dogo la Walatvia wa kule. Aliandika jiko langu la vigae la kupashia nyumba joto, na paka anavyolala juu yake. Sikujali. Lakini Alhamisi nilimpeleka msituni, mahali pangu pa baravika, uyoga mnene wa kofia ya kahawia. Mahali hapo tulipajua watu wawili tu duniani, mimi na Zenta. Tulijaza vikapu viwili. Nilipoinuka kunyoosha mgongo, nikamwona amekaa juu ya gogo, daftari gotini, anaandika.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Gazeti likisomwa kule, barua za kueleza njia zitakuja huku kwa jamaa zao, na mwakani nitakuta mashina yaliyokatwa. Lakini nitamwambiaje afute, mtu aliyetoka mwisho wa dunia na kulilia, pale msituni, jiwe alilochezea mama yake utotoni?

Jumapili akaja wifi yangu Velta, dada wa marehemu mume wangu, kula nasi. Nilikaanga uyoga kwa vitunguu, nikautia krimu, na viazi pembeni. Velta akala sahani mbili, akamwomba mgeni atusomee alivyotuona.

Inta akasoma. Kwamba mwanamke wa dukani hakumtazama hata usoni, kisha akamkimbilia kwenye mvua mpaka kituo cha basi kumrudishia glovu aliyoisahau. Kwamba makaburini watu wanapiga reki mchanga mpaka unatoka mistari kama nywele zilizochanwa, na kila kaburi lina benchi, maana aliye hai anatazamiwa kukaa kidogo. Velta akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo ni kweli tupu, ila mwanamke wa dukani hata mumewe hamtazami.

Kisha Inta akafunua ukurasa mwingine. "Alhamisi asubuhi mama mdogo alinipeleka msituni. Tulipita..."

Kisu changu kikasimama katikati ya mkate. Velta naye akaweka uma chini na kuinua mkono.

"Ngoja, mwanangu. Nitoke kwanza."

Inta akamuuliza kama amemkosea.

"Hujanikosea. Huyu wifi yangu amenizungusha miaka arobaini. Nimemfuata kwa baiskeli, nimechungulia vikapu vyake, mpaka mabuti yake nimenusa. Leo niambiwe nikiwa nimekaa mezani? Huo utakuwa uyoga wa kuazima. Mkishatoka msituni, nigongeeni dirisha."

Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenye manyunyu, akasimama kando ya pipa la maji ya mvua, ametupa mgongo.

Inta uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, kumbe ni siri? Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu kwamba nilishindwa. Akachukua kalamu ili aufute ukurasa wote. Nikamshika mkono. Nikamwambia auchomoe vizuri daftarini, auweke kwenye sanduku lake, usiende gazetini. Mahali pale ni pa mama yake nusu, na nusu hiyo sasa ni yake. Lakini kwanza anisomee. Tangu Zenta aondoke, sijapata kumsikia mtu mwingine akipataja: jiwe lenye tumbo kama ng'ombe mwenye mimba, mtaro, miti miwili ya mibetula, yenye magome meupe, iliyoegemeana.

Kabla hajaanza nikachungulia nje. Velta alikuwa palepale, mvua ikimdondoka mabegani, viganja vyote viwili masikioni. Mwanamke mwaminifu, sijapata kumwona mwingine kama yeye.

Hata hivyo nililivuta dirisha, lililokuwa wazi kidogo, na kuteremsha komeo. Masikio hayana kope. Kumbe komeo alilisikia, maana niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.