Kiti cha Raia

Kwa miaka mitatu Verlene Stucky, karani katika ofisi ya gavana, hakutambua kwamba Orval Drees hakuwa amesahau kitu. Kila Januari fomu yake ya kuomba kiti katika bodi ya leseni za madaktari ilipofika, nafasi ya watu watatu wa kumpendekeza ikiwa tupu, Verlene aliigonga muhuri wa HAIJAKAMILIKA, akaiweka kwenye trei ya chini.

Viti vya madaktari katika bodi hiyo havikumsumbua. Chama chao kilileta majina matatu kwa kila kiti, gavana akachagua moja, Seneti ikaidhinisha. Kiti kimoja tu kilikuwa cha raia asiye tabibu, na kwa hicho hakuna chama kilicholeta jina. Muda wa aliyekikalia ulikwisha zamani. Sheria ilimruhusu kubaki hadi apatikane mrithi, naye alibaki, akisinzia.

Mwaka wa nne, muhuri ukiwa mkononi, Verlene aliisoma barua iliyobanwa kwenye fomu. Drees, mkulima wa soya, alieleza kwamba mkewe Marlys alifia mikononi mwa daktari wa upasuaji aliyewahi kuadhibiwa katika jimbo jingine, na wao hawakuambiwa. Hakutaka kulipiza. Alitamani kukaa pale mambo hayo yanapoamuliwa.

Faili lilikuwa lifungwe Ijumaa. Verlene aliweka muhuri chini, akapiga simu.

"Bwana Drees, mbona hujaandika wa kukupendekeza?"

Kikohozi. "Sasa nimwendee jirani nimwambie anisifu? Huku kwetu ukifanya hivyo, watakuona una majivuno, na kanisani watakuachia benchi la mbele ukae peke yako."

"Madaktari husifiwa kila mwaka na hawaoni haya."

"Hao wamezoea, dada."

"Mkeo angekwambiaje?"



"Angesema mimi mkaidi kama nyumbu," akajibu, sauti imeshuka. "Halafu angetoka mwenyewe, akaniombee barua nyumba kwa nyumba."

Alhamisi barua tatu zilifika, zote fupi. Ya jirani ilisema: "Orval hunyamaza mpaka aelewe. Kisha huuliza."

Gavana alimteua, na mwezi Machi Seneti iliidhinisha majina arobaini kwa pamoja katika kura moja, la Drees likiwa la thelathini na moja.

Tangu hapo, katika kumbukumbu za vikao vya bodi zinazopita mezani kwa Verlene kila mwezi, chini ya kila shauri la daktari kuna mstari ambao haukuwapo: Bwana Drees aliuliza iwapo mgonjwa aliambiwa.